Kumi na Nne Haibadiliki

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua tangu alfajiri. Mama kaninunia kwa sababu nimemnyima kijiti cha kujikunia ndani ya plasta. Hii ni wiki ya tatu niko hapa Ikuti namuuguza, tangu alipoteleza kwenye shamba la chai akavunjika kifundo, na katika wiki zote hizo sijakaa kitako nikatulia hata saa moja. Nikikaa naye nawaza kompyuta. Nikikaa na kompyuta namsikia anaburuta kigoda jikoni, anataka kupika mwenyewe. Mbishi huyu!

Dkt. Amna, msimamizi wangu, ameandika kutoka Dar. Jopo litakutana tarehe 9 Mei kuchagua protini moja tu ya kimelea cha malaria, ili wakemia waanze kuitafutia dawa. Mimi nitapeleka yangu na Naseeb, mwenzangu wa maabara, atapeleka yake. Atakayechaguliwa anapata nafasi ya shahada ya uzamivu. Asiyechaguliwa atajijua. Mimi nitarudi kufundisha baiolojia kidato cha pili, nichore seli ubaoni mpaka nizeeke. Sijawahi kutaka kitu maishani kama ninavyoitaka nafasi hii. Nayaandika wazi, kwani nani atasoma humu?

Jumanne, 4 Machi

Umeme hakuna. Mtandao hakuna. Mvua ipo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata pa kufanyia kazi. Bimdogo, fundi cherehani wa pale Bagamoyo, kata ya mjini Tukuyu, kanipa kona dukani kwake. Ukoo wake ulitoka Kilwa enzi za babu yake, lakini yeye kazaliwa hapa hapa na Kinyakyusa anakisema kunishinda mimi. Dukani kuna umeme na mnara wa simu unaonekana dirishani. Namwita Mama Bimdogo, yeye ananiita Profesa, kwa dhihaka kabisa.

"Haya Profesa, mdudu wa malaria unamtafuta humo ndani ya kompyuta? Kaingiaje?"

Nikamweleza. Kimelea kina protini zaidi ya elfu tano, kila moja na kazi yake, kama vifaa vya dukani kwake. Ukitaka kumfungia fundi duka huhitaji kumwibia kila kitu, unamchukulia kile kimoja ambacho bila hicho hashoni. Mimi kazi yangu ni kukitafuta hicho kimoja kwa mahesabu. Naziondoa protini zinazofanana na za binadamu, dawa isije ikamdhuru mgonjwa mwenyewe. Naziondoa zile ambazo kimelea kinaweza kuishi bila kuwa nazo. Mwisho naziondoa zinazobadilika-badilika kutoka kimelea hadi kimelea, maana leo dawa itashika na kesho haitashika.

"Kwangu ungechukua sindano," akasema. "Halafu nikununie mwaka mzima."

Jumatano, 12 Machi

Mama mkubwa Tupokigwe kapita njiani na kikapu cha majani ya chai. Kamsalimia mama kwa sauti, "Mwagonile!", mama kaitika, mimi nikaitika. Yangu haikupokelewa. Akaenda zake.

Najua ni kwa nini. Mumewe, baba mkubwa Andongwisye, alifariki Machi kama hii, miaka miwili iliyopita. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufa. Nilikuwa Dar, na mtihani wa takwimu ulikuwa siku ya mazishi yenyewe. Nikatuma ujumbe, nikafanya mtihani, sikuja. Wala sikuja kuanua matanga. Nilijiambia mzee angenielewa, yeye ndiye aliyenisukuma shule. Huenda angenielewa. Mjane wake hanielewi, na kusema kweli ananichosha. Miaka miwili mtu ananuna! Kwani mimi ndiye niliyemuua?

Jumapili, 16 Machi

Kanisani. Wamama watatu wamenipa mkono bila kuniangalia.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeipata! Nimeipata, nimeipata. Nimetoka dukani nikazunguka stendi mara mbili mvuani, Bimdogo akadhani nimepata wazimu.

Ni ya kumi na nne kwenye orodha yangu, nami naiita hivyo hivyo, Kumi na Nne. Binadamu hana kinachofanana nayo. Kimelea kikiikosa kinakufa. Ina kijipango pembeni ambamo kidonge kinaweza kujishikiza. Shida ilikuwa moja tu, kujua kama inabadilika. Kwenye kanzidata za dunia kipande cha jeni yake, ile mistari ya herufi za vinasaba, kimesomwa vibaya, kina mapengo matupu. Lakini tunazo sampuli zetu arobaini na moja za wagonjwa wa wilaya yetu hii ya Rungwe, zilizokusanywa mwaka 2023 kutoka kata mbalimbali na kusomwa upya kwa mashine nzuri. Kwa mtandao huu wa kubahatisha siwezi kuzishusha zote nzima nzima, kwa hiyo nimeshusha vipande vya protini zangu tu.

Thelathini na nane zinafanana herufi kwa herufi! Kata sita, watu thelathini na wanane, na Kumi na Nne haibadiliki hata kidogo. Tatu tu zina tofauti. Hizo nimezitazama nikaziona zimesomwa ovyo, nikaziweka kando.

Nimemnunulia mama nyama. Kauliza kuna nini, nikamwambia tule kwanza.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Bimdogo kanilisha pilau mpaka nikashindwa kuinama. Kazi hakuna leo, na mimi siku isiyo na kazi inaniwasha kama upupu.

Jumamosi, 5 Aprili

Dkt. Amna kapiga simu mwenyewe. Yule mama huwa hapigi. "Beatrice, hii ni nzuri. Hii ni nzuri sana. Andika ripoti, na usibabaike." Kasema ya Naseeb ni imara ila haina mvuto, ya kwangu ndiyo inayong'aa. Beatrice mimi! Nilijibu "Sawa Dokta" kwa utulivu wote, halafu nikaenda chooni nikaruka ruka.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeandika kurasa tatu, nimefuta nne. Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua.

Jumapili, 13 Aprili

Nashtuka alfajiri nikihesabu. Siku ishirini na sita. Mama anasema nimekonda, natafuna kucha, na nikiongea naye macho yako kwingine. Ni kweli. Leo kanieleza habari nzima ya jirani na ng'ombe wake, nikamwambia "hongera" na kumbe ng'ombe kafa.

Alhamisi, 17 Aprili

Ngoja niandike kama ilivyokuwa.

Asubuhi nilichapisha jedwali la kuweka kwenye ripoti: namba ya sampuli, kata ya Rungwe anakoishi mgonjwa, tarehe. Majina hayamo, sisi hatupewi majina. Nikaliacha mezani. Bimdogo kalichukua, anataka karatasi ya kukatia mchoro wa kola. Kabla hajatia mkasi akasoma.

"Ikuti, Ikuti, Bagamoyo, Msasani, Ikuti. Mwisho wa Aprili, Mei, ishirini na tatu." Akacheka. "Kumbe Profesa siku zote hizi unahangaika na ile malaria ya msiba?"

"Msiba upi, Mama Bimdogo?"

Akanitazama kama nimemuuliza jina lake. "Wa Mzee Andongwisye. Msiba wenu. Kwani wewe hukuugua?" Halafu akakumbuka, akashusha mkasi. "Aa. Wewe hukuja."

Nikamwambia anieleze yote, asiruke kitu. Akaeleza huku anashona. Kwamba walilala pale siku za mazishi, wakarudi tena wiki tatu baadaye kuanua matanga, wakalala tena. Kwamba nyuma ya nyumba watu walikuwa wamefyatua tofali na mashimo yakajaa maji. Mvua ilikuwa imepumzika siku hizo, kukawa na joto ambalo Tukuyu hatulizoei, na mbu wa mle mashimoni, yeye hajawahi kuona mfano wao. Chandarua nani anabeba msibani? Baada ya wiki mbili kila aliyelala pale alikuwa kwenye foleni ya zahanati, mmoja kata hii, mwingine kata ile, kila mtu karibu na kwake.

"Tukatobolewa vidole, damu ikadondoshewa kwenye karatasi, tukaambiwa ni ya utafiti. Mimi hapa wa Bagamoyo ni mimi, au ni shoga yangu, mmoja wetu. Watu wakacheka tu, kila ukiulizwa unaumwa nini, malaria ya msiba. Mpaka watoto wanajua. Nilidhani unajua!"

Mwone mtu mzima na shahada yake. Daftari la zahanati liliandika watu wanakoishi, halikuandika walikolala. Kata sita zangu ni nyumba moja. Kama mgeni mmoja alikuja na vimelea vyake, mbu wakavinyonya kwake wakavigawa kwa wote, basi nina uzao wa kimelea kimoja. Hapo Kumi na Nne itabadilikaje? Kitu kikinakiliwa mara thelathini na nane, lazima kifanane.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimegombana na mama. Naona aibu, ilikuwa Ijumaa Kuu.

"Mama, na wewe uliugua?"

"Siku tano."

"Hukuniambia!"

"Ungekuja. Ungeacha masomo."

"Mama, mimi nasoma malaria! Ndiyo kazi yangu! Umeugua malaria wewe, na nusu ya ukoo, na mimi naambiwa na fundi cherehani?"

Akasema bila kupandisha sauti, "Ungekuwepo usingehitaji kuambiwa." Halafu akaomba nimsogezee mguu. Nikamsogezea.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Kipo kipimo, nacho ningepaswa kukifanya mwezi mmoja uliopita. Kuna jeni ambayo kila uzao wa kimelea huwa na ya kwake, inabadilika sana ili mwili wa mtu usiitambue. Ikiwa hiyo nayo inafanana kwa wote thelathini na wanane, basi hakuna tena la kubisha. Nimeishusha. Tangu Jumamosi, asilimia moja moja, mtandao unakatika, naanza upya, Bimdogo kaniachia ufunguo wa duka.

Inafanana. Herufi kwa herufi, wote thelathini na wanane.

Nikarudi kwa zile tatu nilizoziweka kando. Hazikusomwa ovyo. Zimesomwa vizuri kabisa, na kila moja ina Kumi na Nne ya aina yake. Zilikuwa zinaniambia ukweli, na mimi nikaziita chafu kwa sababu hazikuniambia nilichotaka.

Jumanne, 22 Aprili

Hakuna anayejua isipokuwa mimi. Bimdogo hajui uzito wake. Ripoti imekamilika. Nikinyamaza, jopo litapiga kura, nafasi nitaipata, wakemia wataanza. Ubovu utajitokeza baada ya miaka miwili, mitatu, na utaonekana ni bahati mbaya. Utafiti ndivyo ulivyo, watasema.

Nimeandika hayo nikaona jinsi yalivyokaa vizuri. Yananitisha.

Jumatano, 23 Aprili

Sijala. Nimefua nguo zilizo safi.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekwenda kwa mama mkubwa. Nilijiambia nakwenda kuuliza maswali ya utafiti. Nilibeba daftari, mjinga mimi, kama karani wa sensa.

Alikuwa anamenya ndizi. Nikapiga goti, nikasalimia. Akaendelea kumenya. Nikasema, "Mama mkubwa, nimekuja kuuliza habari za msiba."

"Imepita miaka miwili."

"Najua."

"Uliza basi."

Nikauliza nani alilala, wapi, siku ngapi. Nilidhani atanifukuza. Lakini alikuwa amevihifadhi vyote, yule mama, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaanza na chumba cha wanawake, nani alilala karibu na mlango, nani alikuwa na mtoto, nani alikoroma. Akaja kwenye turubai la wanaume. Bimdogo alilala karibu na jiko, kasema, kwa sababu alishona sare usiku kucha hakubaki na nguvu za kutafuta pazuri. Nikaandika mpaka mkono ukafa ganzi. Nikamuuliza kama kulikuwa na wageni kutoka bondeni, Kyela, ambako malaria ipo mwaka mzima.

"Mjomba wake Andongwisye. Alikaa siku nne pale barazani, anatetemeka, jasho linamtoka. Tukadhani ni uchungu." Kisu kikasimama. "Nilimfunika kwa blanketi la marehemu. Nilisema jamani, huyu kampenda mpwawe."

Nikamweleza hayo yana maana gani kwangu. Nikamwambia kwamba protini yangu ilionekana nzuri kwa sababu ya msiba huo, na sasa si nzuri tena, na nikisema nafasi inakwenda.

"Na usiposema?"

"Watahangaika miaka wanatengeneza dawa ya kimelea cha msiba mmoja. Ikifika Kyela, ikifika kwingine, haishiki."

Akachukua ndizi nyingine. "Mgonjwa atakayepewa hiyo dawa atajua?"

"Hatajua."

"Atameza tu."

"Atameza tu, mama mkubwa."

Aliniambia nichukue ndizi nimpelekee mama. Siku zote nimemwona ni mwanamke wa kinyongo. Leo nimekaa naye saa tatu nikaona ni mtu aliyebaki na msiba mzima kichwani peke yake, na mimi niliyepaswa kuubeba upande mmoja sikuwepo.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimemwandikia Dkt. Amna. Nimeambatanisha kila kitu. Nilibonyeza kutuma, kisha nikatamani mtandao ukatike. Siku zote unakatika, leo umekwenda moja kwa moja!

Jumapili, 27 Aprili

Kimya.

Jumatatu, 28 Aprili

Kimya. Mvua imetoboa paa la jiko.

Jumatano, 30 Aprili

Kimya. Naenda mlangoni, narudi. Mama kasema nikipita tena mbele yake atanirushia gongo.

Alhamisi, 1 Mei

Kajibu. "Una uhakika?" Nikaandika, "Ninao." Baada ya saa nzima: "Basi utasema mwenyewe mbele ya jopo. Nilishaisifia kwao, sasa uwaeleze wewe." Hakuna salamu, hakuna pole. Nimekasirika, halafu nikafikiri, ni haki yake.

Nimezihesabu zile thelathini na nane kuwa moja, kama inavyotakiwa, nikaurudia mchujo wote. Kumi na Nne imeporomoka hadi nafasi ya sitini na moja.

Ijumaa, 9 Mei

Jopo limekutana kwa mtandao, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu dukani. Bimdogo hakufunga duka, alisema ana wateja wa sare za kwaya, lakini aliwaambia wakae kimya. Walikuwa wanne kwenye benchi, wamelowa.

Naseeb kaeleza ya kwake dakika ishirini. Nzuri, imara. Nikaitwa. Nikasema: protini niliyoileta siipendekezi tena. Nikaonyesha kwa nini. Nikasema kwamba niliangalia kipande kidogo kwa sababu ya mtandao, na kwamba hata hivyo ningeweza kuangalia zaidi, sikuangalia kwa sababu jibu lilikuwa tamu. Nikasema kuhusu zile tatu nilizoziweka kando. Dkt. Amna alikuwa anaandika, hakuinua uso.

Kukawa na maswali ya kitaalamu, nikayajibu. Halafu mzee mmoja wa kemia, sauti ya upole tu, wala hakuwa na nia mbaya, akauliza: "Binti, nimeona hapa umeandika nyumbani kwenu ni Ikuti. Msiba wa watu wote hao, mpaka watoto wanaujua. Wewe ulikupitaje?"

Nilikuwa na majibu mengi. Mtihani. Umbali. Nilifungua mdomo kuyatoa.

"Ulikuwa msiba wa baba yangu mkubwa," nikasema. "Ndiye aliyenilea. Sikwenda kumzika."

Dkt. Amna akainua uso. "Ahsante, Beatrice," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kazi. "Tuendelee."

Wakapiga kura. Ya Naseeb imechaguliwa, na nafasi ni yake. Nikampongeza, nikamaanisha kiasi, kiasi kingine sikumaanisha. Nikafunga kompyuta.

Hapo ndipo kilio kiliponitoka. Sikulilia nafasi, nafasi nilikuwa nimeshaizika tangu Pasaka. Nilimlilia baba mkubwa. Nililia kwa sauti, kama wanavyolia watu msibani, nikashika meza ya Bimdogo, nguo za watu zikaanguka chini, na sikuweza kujizuia. Miaka miwili sikuwa nimetoa hata chozi.

Cherehani ikanyamaza. Bimdogo akaja akanishika bega. Sikutaniwa wala kuitwa Profesa.

"Pole na msiba, mwanangu," akasema.

Na wale wanne wa kwaya wakainuka kwenye benchi, watu ambao siwajui hata kwa jina, wakaja mmoja mmoja wakanipa mkono. Pole na msiba. Pole sana. Pole, dada. Nikawapokea kwa mikono miwili, na kila mmoja nikamwitikia ahsante.